Kweri ina majina, jedwali ni tupu: kisa cha ripoti ya chama cha wavuvi wa dagaa, Mwanza

Chama ninachokieleza kiko kwenye mwalo mmoja wa Manispaa ya Ilemela, ukitoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba na kuelekea kaskazini. Jina lake silitaji. Wanachama wengi ni wavuvi wa dagaa, wachache ni wa sangara. Chama kinapokea mzigo, kinatafuta wanunuzi, kinakopesha nyavu, injini na taa za sola, kisha kinakata marejesho kwenye mauzo ya mwanachama. Kumbukumbu zote ziko kwenye kanzidata ya Microsoft Access iliyotengenezwa na kijana mmoja aliyekuwa anafanya mafunzo kwa vitendo ofisini hapo. Kazi yake ni nzuri, na nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitagusa mambo kadhaa yaliyokwama ndani yake.

Kuna jambo moja la uvuvi ambalo lazima lieleweke kwanza, maana ndilo lililozaa nusu ya matatizo. Chama hiki hakifungi hesabu kwa mwezi wa kalenda, kinafunga kwa giza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza taa huwavuta, lakini mbalamwezi ikikomaa mwanga wa taa hauna nguvu tena, na mitumbwi hupumzika ufukweni. Kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo giza moja linaweza kuanza mwishoni mwa Februari na kuishia mwishoni mwa Machi, na linalofuata likasogea tena. Mtu anayetaka takwimu za "mwezi wa tatu" pale ofisini anauliza swali ambalo vitabu vyao havina jibu lake.

Kila giza likiisha, ofisi hutoa hati mbili. Ya kwanza ni ripoti ya bodi, ambayo katibu huiandika kwenye Word: maelezo ya hali ya uvuvi, bei, mikopo, majedwali mawili matatu, na mapendekezo. Ya pili ni barua kwa kila mwanachama anayedaiwa, inayomwonyesha mzigo aliouleta, makato, na bakaa ya mkopo wake. Takwimu za hati zote mbili zilikuwa zinatoka kwenye kweri za Access, yaani maswali yaliyohifadhiwa ambayo kanzidata huyajibu upya kila yanapofunguliwa. Ila zilikuwa zinafika kwenye Word kwa kunakili na kubandika.

Mgogoro ulizuka kwenye mkutano wa wanachama. Mzee mmoja alisimama na barua mkononi. Barua yake ilisema bakaa ni ndogo, lakini jedwali lililosomwa na katibu lilionyesha deni kubwa zaidi.

"Mwenyekiti, nisaidie. Mimi nidaiwe na karatasi ipi?"

Mwenyekiti hakuwa na jibu, na hakuna aliyekuwa nalo. Ukumbini wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu anakula.

Hakuna aliyekuwa anakula. Katibu alinakili jedwali lake asubuhi. Mchana mhasibu akaingiza marejesho ya usiku wa mwisho wa giza, halafu jioni zikachapwa barua. Kila karatasi ilisema kweli ya saa yake. Lakini huwezi kusimama mbele ya watu waliokesha ziwani na kuwaambia kuna kweli mbili za deni moja. Imani ya wanachama ndiyo mtaji wa ushirika, na kwa maoni yangu kasoro ya namna hii inakula mtaji huo upesi kuliko mkopo usiolipwa.

Nilipoitwa, ombi lilikuwa fupi. Dada mhasibu alisema, "Fundi, tunataka namba ikibadilika kwenye Access, ibadilike na kwenye Word." Ombi lenyewe ni sahihi kwa nusu tu, na nusu ya pili nitaifikia.

Njia zilizokuwa mezani

Swali la kwanza ambalo mtu mzoefu atauliza ni kwa nini Access isitoe ripoti yenyewe. Inaweza, na kwa hati yenye namba tupu ningeshauri hivyo bila kusita. Ila ripoti ya bodi ni maandishi ya katibu. Anaandika aya, anazifuta, anahamisha jedwali kutoka ukurasa wa pili kwenda wa tatu. Ripoti ya Access haimpi nafasi hiyo, na ukiihamishia kwenye Word inakuwa nakala mfu, kwa hiyo unarudi pale pale.

Njia ya pili ni kupitia Excel: kweri inamwagwa kwenye Excel, kisha seli zinabandikwa kwenye Word kama kiungo. Watu wengi wanaipenda kwa sababu wanaijua. Mimi naiogopa kwa orodha inayokua. Kiungo kinashika eneo la seli, tuseme A1 hadi F40. Wadaiwa wakifika 45, watano wa mwisho hawaonekani na hakuna onyo lolote. Unaweza kulipa eneo jina na kulipanua, lakini umeshaongeza faili ya tatu kati ya faili mbili, na mtu mwingine wa kukumbuka kuifungua.

Njia tuliyoichagua ni kuiunganisha Word moja kwa moja na kweri. Ina sura mbili, na kazi hii ilizihitaji zote. Kwa barua za wanachama ni ule utaratibu wa kawaida wa kuunganisha barua moja na orodha ya watu: kila jina au kiasi kinakaa ndani ya fildi ya MERGEFIELD, fildi ikiwa ni nafasi ndani ya hati ambayo Word huijaza yenyewe. Kwa majedwali ya ripoti ni fildi ya DATABASE, ambayo wengi hawajawahi kuiona kwa sababu tangu Word 2007 kitufe chake hakipo kwenye utepe, ule mstari wa vitufe juu ya dirisha. Inabidi uende kwenye mipangilio, ufungue orodha ya amri zisizo kwenye utepe, na uchukue ile iitwayo Insert Database. Ukiitumia, mwishoni kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama data iingizwe kama fildi. Usipokitia alama unapata jedwali la kawaida, mfu kama lililobandikwa. Ukikitia alama, nyuma ya jedwali kunakaa maelekezo yanayofanana na haya:

{ DATABASE \d "D:\\Chama\\Chama.accdb" \s "SELECT * FROM kwrBakaa" \h }

Katikati Word huongeza maelezo marefu ya namna ya kuunganika, nimeyaacha. Kipande cha \d ni njia ya faili, na mikwaju yake huandikwa miwili miwili. Kipande cha \s ni swali, na \h ni agizo la kuweka vichwa vya safu. Alt+F9 hukuonyesha maelekezo haya na kukurudisha kwenye jedwali. F9 hulisasisha. Mabano yenyewe hayachapwi kwa mkono. Hutengenezwa kwa Ctrl+F9.

Kulikuwa na jambo moja la vifaa ambalo lingetuzuia mapema. Kompyuta ya katibu ina Word bila Access. Si lazima kununua Access kwa kusoma tu: Microsoft hutoa bure injini ya kanzidata ya Access, na ukiisimika Word inaweza kusoma faili ya .accdb. Sharti ni moja. Injini na Office ziwe za aina moja, biti 32 kwa biti 32 au 64 kwa 64.

Nyota iliyofuta majina

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Tulitengeneza fildi, tukaielekeza kwenye kweri ya wadaiwa wa dagaa, tukabonyeza F9. Vichwa vya safu vikaja vizuri: Namba, Jina, Mkopo, Marejesho, Bakaa. Chini yake hakuna mtu hata mmoja.

Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Kwenye Access, kweri ile ile ikifunguliwa ilijaa majina. Dada mhasibu akaifunga na kuifungua tena kuhakikisha, majina yapo. Kwenye Word, patupu.

Kosa linalopiga kelele lina nafuu, maana unajua kazi imekwama. Hili lilikuwa kimya, na karatasi ilionekana nadhifu kabisa. Fikiria kama jedwali lingekuwa na makundi mawili na kundi moja tu ndilo lililopotea: ripoti ingesainiwa na kusomwa, na hakuna ambaye angejua.

Dhana ya kwanza ya ofisi ilikuwa kwamba Word inasoma faili nyingine, nakala ya zamani iliyoachwa mahali. Ni dhana nzuri na inafaa kuanza nayo. Tulibadilisha kweri kwenye fildi, tukaita jedwali la wanachama lote bila masharti. Majina yakaja, pamoja na mwanachama aliyesajiliwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo faili ni sahihi na kiungo kinafanya kazi. Tatizo liko ndani ya kweri.

Kweri yenyewe ilikuwa na sharti moja tu la kuchagua kundi. Namba za wanachama wa dagaa zinaanza na DG, za sangara zinaanza na SG, na kijana aliandika:

WHERE Namba Like "DG*"

Mtu yeyote aliyesoma Access atasema hiyo ni sahihi, na ndani ya Access ni sahihi kweli. Nyota maana yake ni "chochote kinachofuata". Lakini Access ina lahaja mbili za SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata. Dirishani kwake, kwa kawaida hutumia ile ya zamani ya ANSI-89, ambamo nyota ni herufi zozote na alama ya kuuliza ni herufi moja. Word haipiti dirishani. Tangu Word 2002 njia yake ya kawaida ya kuifikia kanzidata ni OLE DB, na huko lugha ni ya ANSI-92: herufi zozote ni alama ya asilimia, herufi moja ni mstari wa chini. Nyota huko ni nyota tu. Kweri ikaenda kumtafuta mwanachama ambaye namba yake ni herufi D, G, na alama ya nyota. Hayupo. Jibu sahihi la swali hilo ni orodha tupu, na orodha tupu ndiyo tuliyopewa.

Ukiandika "DG%" mambo yanageuka: Word inapata majina, Access inapata patupu. Hiyo si suluhisho, maana mhasibu anaifungua kweri ile ile kila siku ndani ya Access. Kuna neno la tatu, ALike, linaloelewa alama ya asilimia pande zote mbili. Linafanya kazi. Sikulichagua, kwa sababu halifahamiki sana, na kijana mwingine wa mafunzo akija kesho ataliona kama kosa la uchapaji na kulisahihisha. Tuliandika hivi:

WHERE Left(Namba,2)="DG"

Maana yake ni herufi mbili za mwanzo ziwe DG. Inasomeka, haina alama ya lahaja yoyote, na inatoa jibu moja kwa Access na kwa Word. Kanzidata kubwa ingelipa gharama ya kasi kwa sharti la namna hii, lakini ya chama cha mwalo mmoja haitaona tofauti.

Baada ya hapo tulipitia kweri zote tukitafuta Like. Ilichosha, ila ningesisitiza ifanyike kwenye ofisi yoyote kabla ya kuamini kiungo. Pia tuliweka jedwali dogo mwishoni mwa ripoti ya majaribio lenye namba moja tu, idadi ya wadaiwa, ili ilinganishwe na ile inayoonekana ndani ya Access. Zikitofautiana, hakuna kusaini.

Mengine yanayofia njiani

Tukishajua kwamba Word haiingii kwa mlango wa Access, mambo mengine mawili yalieleweka upesi. Kweri ya bakaa ilitumia Nz, kazi inayogeuza pengo kuwa sifuri kwa mwanachama ambaye hajarejesha chochote. Nz ni mali ya Access yenyewe, injini ya kanzidata haiijui, kwa hiyo kutoka Word inakataa. Tuliweka IIf(Rejesho Is Null, 0, Rejesho), ambayo injini inaijua.

La pili lilihusu giza. Kijana alitengeneza fomu nzuri yenye orodha ya kuchagua giza, na kweri ilisoma chaguo moja kwa moja kutoka kwenye fomu. Kwa Word, fomu haipo. Kweri inayosubiri kigezo haionekani hata kwenye orodha ya kweri za kuchagua, na mhasibu alidhani imefutwa. Tungeweza kurudi kwenye njia ya zamani ya DDE, ambayo huifungua Access yenyewe na kuiamuru. Lakini inadai Access kwenye kila mashine, na baada ya wadukuzi kuitumia vibaya, Microsoft iliizima DDE kwenye fildi za Word Desemba 2017. Sioni sababu ya kujenga ofisi juu ya njia inayofungwa.

Tulichofanya ni kutengeneza jedwali lenye mstari mmoja tu, tblGiza: jina la giza, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Kweri zote zinaungana nalo. Fomu ya kijana ilibaki, ila sasa ukichagua giza inaandika kwenye mstari ule. Access na Word zinasoma mahali pamoja, na hakuna anayeulizwa kigezo. Nimelipenda suluhisho hili kwa sababu linaendana na jinsi chama kinavyofikiri: wakati wowote kuna giza moja lililo mezani, na kila hati inazungumzia hilo.

Ipo pia habari ya tarehe, na hii ingeleta ugomvi mwingine ukumbini. Word ikipokea tarehe kwa OLE DB huionyesha kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Mkopo unaoisha 7 Machi 2024 unaandikwa 3/7/2024, na kila mtu pale mwaloni atasoma 3 Julai. Mvuvi anapewa karibu miezi minne ya bure kwa karatasi yenye muhuri. Kilichotuokoa ni mstari mmoja uliosema 3/25/2024. Hakuna mwezi wa 25, basi tukajua zote zimegeuka.

Tiba inategemea ni fildi gani. Kwenye barua, kila MERGEFIELD inaongezewa maelekezo yake: \@ "dd/MM/yyyy" kwa tarehe, M zikiwa kubwa kwa sababu ndogo ni dakika, na \# "#,##0" kwa shilingi ili mkato wa maelfu urudi. Kwenye fildi ya DATABASE huwezi kuagiza safu moja moja, kwa hiyo sura inapangwa ndani ya kweri kwa Format. Angalizo: Format inageuza tarehe kuwa maandishi, na maandishi hupangwa kialfabeti, 02/04 mbele ya 15/03. Panga kwa tarehe halisi, kisha onyesha ile iliyovaa maandishi.

Safu ya uzito nayo ilitoa kilo 12.3000001907349. Hakuna mzani wa namna hiyo duniani. Ile ni tabia ya aina ya namba iitwayo Single, ambayo haiwezi kuhifadhi 12.3 kwa ukamilifu. Access huificha, Word haifichi. Format tena.

Na mapambo. Katibu alikaa akapanua safu, akakoleza vichwa, akaweka jumla kulia. Akabonyeza F9, vyote vikapotea, jedwali likazaliwa upya likiwa tupu la urembo. Alikasirika, na alikuwa na haki. Fildi hii huchora jedwali lote upya kila mara. Mtindo unaotaka udumu uuchague wakati wa kuingiza fildi, Word itauandika kwenye maelekezo. Mapambo ya mkono yasubiri hatua ya mwisho kabisa.

Namba za ndani ya aya, kwa mfano "jumla ya mikopo isiyolipwa ni shilingi kadhaa", tulizipata kwa kuifanya ripoti yenyewe iwe kama barua ya mtu mmoja: imeunganishwa na kweri ya muhtasari yenye mstari mmoja wa jumla zote, na ndani ya sentensi za katibu mna MERGEFIELD. Hapa Word itakuuliza kila ukifungua hati, ikikuonyesha amri ya SELECT na kutaka ruhusa ya kuiendesha. Wafanyakazi walitaka niuzime ujumbe huo. Unazimika kwa kubadilisha rejista ya Windows, lakini nilishauri ubaki. Unamwambia katibu kila siku kwamba karatasi hii inasoma kutoka mahali fulani, na jina la kweri analiona kwa macho yake.

Siku ya sahihi

Sasa ile nusu ya pili ya ombi. Dada mhasibu alitaka namba ibadilike kwenye Word ikibadilika kwenye Access. Hadi lini?

Ripoti ikiwa inaandikwa, ndiyo, ibadilike. Bodi ikishaisaini, isibadilike tena hata senti. Ripoti iliyosainiwa ni ushahidi wa kile bodi ilichokiona ilipofanya uamuzi. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, akija mwaka unaofuata na kufungua faili ya giza la Machi, akabonyeza F9 kwa bahati mbaya, jedwali litamletea bakaa za siku hiyo ndani ya karatasi yenye majina ya waliosaini mwaka uliopita. Hapo umefanya jambo baya kuliko lile la kunakili na kubandika, kwa sababu nakala mfu angalau ilikuwa mwaminifu kwa tarehe yake. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inataka vitabu na ukaguzi. Ukaguzi hauwezekani kwa karatasi inayojiandika upya.

Kwa hiyo utaratibu tuliouweka ukutani una tukio la kukata. Mhasibu anamaliza kuingiza usiku wa mwisho wa giza na kumwambia katibu. Katibu anabonyeza F9, analinganisha ile namba ya udhibiti, yaani idadi ya wadaiwa, kisha anakamilisha muungano kwenye hati mpya. Ndani ya hati hiyo mpya, Ctrl+A, halafu Ctrl+Shift+F9. Kila fildi inageuka maandishi ya kawaida na kiungo kinakufa. Ndipo anapopamba. Ndipo inapotoka PDF na kuchapwa. Barua za wanachama zinatolewa katika kikao hicho hicho, bila mtu kugusa Access katikati. Ile mama ya hati, yenye viungo hai, haitumwi kwa yeyote wala haisainiwi.

Ctrl+A haifiki kwenye kichwa wala kwenye kijachini cha ukurasa. Ripoti yao ilikuwa na tarehe kichwani iliyowekwa kama fildi ya DATE, na fildi hiyo huonyesha tarehe ya leo, leo yoyote ile. Ripoti zote za nyuma, ukizifungua, zilidai zimeandikwa siku uliyozifungua. Tuliifuta na kuweka tarehe ya kikao kwa mkono.

Kukata kunalinda na siri. Ukituma hati yenye fildi hai kwa afisa au kwa mfadhili, anabonyeza Alt+F9 na kuona njia ya faili, majina ya kweri, na kama kanzidata ina nywila iliyowekwa kwenye kiungo, hata hiyo. Jedwali la wadaiwa ni taarifa za watu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na chama kidogo cha mwaloni hakijasamehewa.

Kilichobaki wazi

Njia ya faili ni D:\Chama, na iko hivyo kwa makusudi kwenye mashine zote mbili, ya katibu ikisoma kupitia diski ya mtandao iliyopewa herufi D. Laptopu ya katibu ikiharibika na mpya ikaja na D iliyokwisha kutumika, fildi zote zitakwama. Hilo nimeliandika kwenye karatasi ile ile ya ukutani, pamoja na hatua za kurekebisha kwa Alt+F9.

Wapo walioniuliza kuhusu LibreOffice, kwa kuwa ni bure. Ukiisajili kanzidata kwenye Base, unaweza kuburuta matokeo ya kweri hadi kwenye Writer na kuchagua yaingie kama jedwali au kama fildi. Jedwali linaingia likiwa mfu, fildi ndizo hai. Kwa barua inatosha kabisa. Kwa majedwali marefu ya ripoti ya bodi haikutupa kile tulichotaka.

Kazi inayofuata ni wale wachache wa sangara. Wao hawafuati giza. Wanauza kiwandani na wanalipwa kwa tarehe za kalenda, na wameomba waingie kwenye ripoti ile ile. tblGiza ina mstari mmoja, na kweri zote zimejengwa juu ya imani kwamba kuna kipindi kimoja tu. Dada mhasibu anapendekeza mstari wa pili na safu ya kundi. Mimi naelekea zaidi kwenye kweri za muhtasari mbili na ripoti mbili ndani ya jalada moja, ili SG asije akahesabiwa kwa mwezi wa DG. Bodi inakutana mbalamwezi ijayo, na itaamua.